Tangazo la Herufi Nyekundu

Siku ya mtihani wa mwisho, saa mbili kamili asubuhi, niliingia chumba cha mtihani nikakuta madawati kumi na tisa na mwanafunzi mmoja.

Mmoja tu, ndugu zangu. Na ndiye yule asiye na simu ya maana.

Ngoja nianze mwanzo, maana haya makaa nilijipalia mwenyewe.

Nafundisha watu wazima. Mafundi, wasusi, walinzi, watu walioacha shule zamani wakarudi kuufukuzia mtihani huu mmoja. Ukiukosa, unasubiri mwaka mzima, na bosi aliyekupa ruhusa leo mwakani anaweza kukunyima.

Mwaka huu nikaingiwa na kiherehere cha kutengeneza tovuti ya darasa. Masomo humo, maswali humo, matangazo humo. Grupu letu la kwenye simu nikalifuta kwa mbwembwe, na namba za watu sikuwa nimezihifadhi.

"Mwalimu, mimi nina kitochi, hakifungui mtandao," akasema Mama Povu. Ni mfua nguo, miaka hamsini na ushee. Jina alipewa na darasa, na mwenyewe hulicheka.

"Dunia imebadilika, mama. Jitahidi tu," nikamjibu.

Hadi leo nikikumbuka hilo jibu, aibu yangu sijui niiweke wapi.

Sasa, siku moja kabla ya mtihani, nilikuwa najaribu herufi nyekundu za matangazo. Nilitaka sentensi ndefu nione kama inaenea kwenye kioo cha simu. Nikaandika nilichokuwa nakiombea moyoni, maana mada mbili hatukuwa tumezimaliza: MTIHANI UMEAHIRISHWA HADI JUMATATU IJAYO.

Nilidhani nimebonyeza "Hifadhi". Kumbe nilibonyeza "Chapisha". Nikafunga kompyuta nikaenda zangu kula.

Turudi asubuhi ile.

"Wenzako wako wapi, mama?"

"Nikuulize wewe, mwalimu. Jana nilikuwa na nguo za watu, sikupata nafasi ya kusoma popote."

Nikafungua tovuti. Tangazo hilo hapo, jekundu, na chini yake: limesomwa na watu kumi na nane.

Nikakaa sakafuni. Nikalifuta, nikaandika la kusahihisha, lakini nani angeangalia tena? Mtu akishaambiwa hakuna mtihani anaenda kazini.

Mama Povu hakunigombeza. Alitoa daftari kwenye mfuko wa plastiki. Majina yote, namba zote, na kila mmoja anafanya kazi wapi.

"Umezipata wapi hizi?"

"Si nilikuwa nazunguka? Jumatatu nasomea kwenye simu ya msusi, Jumanne ya seremala. Sikutaka kumchosha mtu mmoja."

Nilitamani ardhi inimeze. Yeye akasoma namba, mimi nikapiga. Msusi aliacha kichwa cha mteja nusu. Seremala alikuja na vumbi la mbao kwenye nyusi.

Mtihani ulikuwa uanze saa tatu, lakini wachelewaji waliruhusiwa hadi saa tatu na nusu. Msimamizi wa mtihani alitaka mimi nisimame mlangoni, nimtambue kila anayeingia.

Hadi saa tatu kasoro robo nilikuwa na uhakika wa kumi na saba. Aliyebaki ni mlinzi, simu yake imezimwa.

"Katoka zamu, amelala," akasema Mama Povu. "Kwake napajua. Huko ukielekezwa unapotea."

"Mama, kaa ufanye mtihani wako."

"Yule ana watoto wanne, na kazi aliyoahidiwa inasubiri cheti. Nitawahi."

Akapanda pikipiki. Nami, Mungu anisamehe, nilimwacha aende.

Saa tatu na dakika ishirini na saba pikipiki ikarudi. Mlinzi yuko peke yake nyuma, vifungo vya shati vimepishana.

"Mama yuko wapi?"

"Dereva amekataa kubeba wawili. Mama kanisukuma nikae mimi. Anakuja kwa miguu."

Dakika tatu. Nilimsihi msimamizi, nikapiga magoti mbele ya watu.

"Saa ni saa, mwalimu," akasema, akafunga mlango.

Mama Povu alifika saa tatu na dakika arobaini, kandambili mkononi, anahema. Akautazama mlango, akanitazama mimi.

"Ameingia?"

"Ameingia."

Akakaa kwenye ngazi. Mimi ndiye niliyelia.

Matokeo yalipotoka, kumi na sita kati ya kumi na nane walifaulu. Mlinzi yumo. Nilikwenda kumwambia Mama Povu mwenyewe, nikamkuta anakamua shuka. Akanipa ncha ya pili, tukakamua wote.

"Mtihani wa mwakani ni lini?" akauliza.

Nikatoa simu nimtafutie kwenye tovuti. Akatikisa kichwa.

"Niandikie kwenye karatasi, mwalimu."

Nikaandika. Na kila Ijumaa sasa nampelekea masomo kwa mkono, hapo hapo kwenye beseni lake.

Wenzangu, ukifungua mlango mpya, usizibe wa zamani kabla hujajua nani bado anaupitia. Mimi niliuziba, na aliyebaki nje ndiye aliyewaingiza wengine wote.