Mafuta ya Mkia wa Kondoo

Binti yangu wa mwisho ameyeyusha mafuta ya mkia wa kondoo kwenye kifuniko cha sufuria, na harufu yake nzito imejaa nyumba nzima. Harufu hiyo hunirudisha jikoni kwa bibi, Karatu, asubuhi za baridi ukungu ukiwa umeshuka kutoka Ngorongoro hadi kwenye mahindi yetu.

Bibi alikuwa na ugonjwa wa kutetemeka. Miguu ilimkakamaa na kumuuma kutwa, na mkono wake wa kulia haukutulia hata alipokaa kimya. Kazi yangu ilikuwa kumkanda nyayo kwa mafuta hayo. Niliuweka mguu wake mapajani mwangu, nikabonyeza kwa kidole gumba kuanzia kisigino, penye nyufa zilizoshika udongo mwekundu usiotoka hata kwa maji ya moto.

"Hapo hapo, mama," alisema. "Maumivu yanapungua."

"Na mkono, bibi?"

"Nao umetulia. Una mikono ya dawa wewe."

Kweli haukutikisika. Alikuwa ameukalia, kama alivyoukalia kila nilipomkanda, nami nilidhani wazee ndivyo wanavyokaa. Nilitoka mbio kuwatangazia majirani kwamba nimemponya bibi.

"Hapa vipi, mama?" binti yangu ananiuliza, akibonyeza katikati ya unyayo wangu kama alivyoelekezwa kliniki.

"Hapo hapo. Panapoa."

"Na mkono?"

"Umetulia," namjibu, nikiukalia vizuri zaidi.