Vile Nilimpa Kogo Mume wa Ireland

Hapana, Faith, usiniambie eti ni picha tu. Umesema hivyo mara tatu tangu tutoke kanisa. Ingekuwa picha tu, nguo za kogo, nyanya yangu, hazingekuwa zinapangwa kwa begi saa hii. Wacha nikuambie yote, hata ile sehemu nilikuficha, na aibu nitakula mwenyewe, kwa sababu si mzee Odhiambo aliharibu siku, na si yule kijana wa saiba. Ni mimi na haraka yangu.

Unajua babu alikufa kabla nizaliwe. Alifanya kazi stesheni ya Kipkelion, ile kazi ya kuvuta vyuma ndio treni ibadilishe njia, na picha yake ilikuwa moja tu duniani: amesimama kwa mlango wa kijumba cha reli, kofia kichwani, taa mkononi. Ndogo kama viberiti viwili (sawa, vitatu). Ilikaa kwa ukuta ya kogo miaka yote, mpaka unyevu ya hapa Sosiot ikaingia kwa fremu na karatasi ikashikana na kioo. Sasa anko Weldon, si unajua yeye ndiye kifungua mimba wa kogo, akapanga ukumbusho, kaburi iwekwe simiti na msalaba, akanituma nipeleke picha Kericho ifanywe kubwa.

Kijana wa saiba, pale wanachapisha picha, akaiangalia, akasema, "Dada, usiitoe kwa kioo. Iache hapa mpaka Ijumaa, kuna fundi wa picha za zamani anakuja."

Ilikuwa Jumanne. Ijumaa! Mimi na kungoja unatujua. Nikairudisha nyumbani, nikatia maji vuguvugu kwa beseni na sabuni kidogo, nikaanza kubandua. (Mbona sikuipiga na simu kwanza? Hiyo swali nimejiuliza mpaka swali yenyewe imechoka.) Kofia ilitoka. Taa ilitoka. Uso ukabaki kwa kioo kama utando wa maziwa, na nilipoguza na kidole ukaenda na maji.

Kogo alikuwa nje anakamua. "Chepkoech! Unafanya nini na maji huko?"

Hapo ndipo ningesema. Ningelia, angelia, ingeisha. Nikajibu, "Naosha vyombo, kogo," nikamwaga hiyo maji nyuma ya jikoni.

Sasa, kuna ile ukurasa yangu kwa simu yenye ulikuwa unanicheka nayo, ya wazee wa Ireland wanakumbuka reli zao zenye ziling'olewa. Wanaweka picha za kitambo na za sasa: daraja imebaki peke yake katikati ya shamba, kondoo wanapita chini yake, stesheni imekuwa nyumba ya mtu, nguo zimeanikwa pale abiria walikuwa wanangojea. Halafu mtu anaandika hapo chini, huyo wa kushoto ni baba yangu, na mwingine anamjibu, nilimjua. Nilikuwa napenda hiyo kitu sana, sijui kwa nini, labda kwa sababu kwetu hakuna mahali mtu anaandika hivyo. Wao wako na picha mpaka za paka wa stesheni. Sisi tulikuwa na moja, na nikaiosha.

Huko ndiko nilimpata: mwanaume kwa mlango wa kijumba kama kile cha babu, kofia, taa, amesimama mbali na kivuli imemla uso. Nikakata pale jina ya stesheni ilikuwa. Uso na mikono nikaongeza giza na simu, mzungu wa watu, mpaka akafanana na mtu wa Kipkelion. Ijumaa nikaipeleka saiba, ikatoka kubwa kama dirisha.

Macho ya kogo yako na ukungu, unajua. Alipitisha vidole kwa glasi polepole, akafika kwa kofia, akasema, "Mzee wangu. Umekonda."

Nilienda chooni nikakaa huko.

Jana kwa ukumbusho wewe ulikuwa unapeana chai, kwa hivyo hukuona yote. Pasta alipomaliza maombi, wakaita mtu wa reli aseme neno, ndio mzee Odhiambo, alifanya kazi na babu, akasimama, ametoka Sigowet na fimbo yake na kofia ile ya zamani. Akaangalia picha pale juu ya kiti karibu na kaburi. Akaangalia tena.

"Huyu ni nani?"

Watu wakacheka, wakidhani ni utani wa wazee.

"Si ni mzee mwenyewe," anko Weldon akasema.

"Weldon, mimi nimepiga nyundo kwa ile reli mpaka mgongo ikakataa. Reli yetu ni nyembamba, mita moja, nilikuwa naipima na chuma kila asubuhi. Hii ni pana, angalia! Hapa ng'ombe analala katikati na ndama wake. Na mataruma, hizi reli inalalia, zetu ni za chuma. Hizi ni mbao. Hii si Kipkelion. Hii si hata Kenya."

Mtu nyuma akasema, "Kumbe marehemu alikuwa na pasipoti!" Tenti nzima ikacheka. Kwa kaburi, Faith.

Kogo akasimama. "Odhiambo, wewe unajua reli. Mimi najua mume wangu. Ni yeye."

"Mama, pole, lakini..."

"Mimi nililala na yeye. Wewe ulilala na nyundo."

Wakacheka tena, halafu kicheko ikakatika, kina mama wa kanisa wakaanza kuangaliana. Anko akanigeukia mbele ya wote. "Chepkoech, hii ndiyo ile picha nilikupatia?"

"Ndio, anko."

Maneno mawili. Kogo akabaki amesimama pale, mama mzima, akionekana hawezi kutambua mume wake.

Baada ya chakula niliwaskia anko na ndugu zake kando ya zizi. Anko alikuwa anasema, "Kichwa ya mama imeanza kwenda. Tutamwacha vipi hapa na moto na ng'ombe?" Wakaamua: kesho Jumatatu gari inakuja saa moja, apelekwe Longisa hospitali aangaliwe kichwa, halafu akae huko kwa shangazi. Ng'ombe wauzwe. Nyumba ifungwe. Walipomwambia aliuliza tu, "Na majani chai nani atachuma?"

Leo kanisani uliona hakuimba. Na kabla tutoke nyumbani aliniambia, "Labda ni kweli, Chepkoech. Nikifunga macho nimtafute, naona tu huyo wa picha."

Kwa hivyo kesho nitaamka saa kumi na moja, kabla hajashika ndoo, nimwambie yeye kwanza, tukiwa wawili, kwa sababu mbele ya watu ameshaaibishwa inatosha. Halafu nitasimama kwa geti, na anko akishuka kwa gari nitamwambia mama yako hajasahau kitu, ni mimi nilidanganya, na akitaka kunipiga anipige, lakini hiyo begi haitaingia. Hiyo ikiisha nitaenda Sigowet kwa mzee Odhiambo, nimwombe msamaha, nimwombe aje akae na kogo, amwambie vile uso wa babu ulikuwa, pua, masikio, meno, yote yenye bado anakumbuka.