Nakala Isiyo na Mhuri

Karani wa masjala ya ardhi hapa Sumbawanga amepewa kompyuta mpya, lakini vidole vyake vingali na wino wa mhuri. Akitakiwa kunakili faili lililomo ndani ya mashine, hulichapa kwenye karatasi, huligonga mhuri, huupuliza wino taratibu kama anayepoza uji wa mtoto, kisha huipitisha karatasi kwenye skana ili irudi kompyutani. Kwake, hiyo ndiyo nakala, na kwa siku hutoa nne. Juzi Mama Bertilla, mkulima wa Mpui, alifuata nakala ya hati ya shamba lake, kwa kuwa kesho yake baraza la ardhi lingeamua kama ni lake au la jirani. Printa haikuwa na wino. Kauthar, fundi wa kompyuta, akaandika programu ya mistari mitatu inayoiagiza mashine inakili kwa uwezo wake yenyewe. Kabla hajamaliza kumwamkia mama, hati zote za Mpui zilikuwa kwenye flashi. Karani aliigeuza flashi huku na huku.

“Mhuri uko wapi, binti?”

“Baraza husoma kwenye kompyuta, mzee. Mhuri wa nini?”

“Basi mashine haijanakili. Imeiba.” Akazifuta zote kwenye flashi mbele ya macho yetu tuliokuwa foleni, kisha akasema kwa upole, “Njoo Jumatatu, mama, wino utakuwa umefika.”

Bertilla akasogeza khanga, akamwinamishia karani paji la uso. “Gonga hapa, mwanangu. Kesho nitasimama barazani, niwe nakala mimi mwenyewe.”

Naye karani, bila haya, akaanza kurekebisha tarehe ya mhuri.