Pikapu Iliyozima Njia Nzima

Pikapu yangu kuukuu ilikuwa ikitetemeka na kuzima kila nikiachia mafuta. Mafundi wawili wa Masasi walishabadilisha plagi na kusafisha kabureta, wala haikusaidia. Siku niliyompeleka mama mkwe Newala, ilizima mara sita. Mara ya sita, nilipoiwasha tena kabla ya kuondoka, nikaupiga usukani kwa hasira.

“Mwanangu, kuna kitu kinapuliza huku mbele,” alisema.

“Ni upepo, mama.”

“Upepo gani, na gari limesimama?”

Nikafungua boneti. Mpira mwembamba wa hewa ulikuwa umepasuka mwishoni, pale unapoingia kwenye injini. Nikaikata ile sehemu mbovu kwa kisu, nikauchomeka tena. Injini ikatulia.

“Nimekisikia tangu Masasi,” akasema, “lakini ulikuwa unafoka tu.”