Sindano na Utepe Mwekundu

Kila asubuhi, maji ya chai yakiwa bado hayajachemka, Sindano aliburuta benchi hadi katikati ya jiko, akaketi juu yake mguu huku na mguu huku, akashika mpini wa ufagio kwa mikono miwili, akafumba macho. Mama yake, ambaye ni fundi cherehani, alisimamisha mashine yake, akachukua saa ya refa aliyoiacha marehemu baba, akasema, "Haya, nenda."

Basi Sindano alikwenda bila kutoka jikoni. Aliinama kushoto, akainama kulia, goti likakaribia sakafu. Mguu wa kushoto ulikuwa ukikanyaga hewa: chini, chini, chini, halafu juu kidogo, halafu chini tena. Alipita kona zote kumi na nne za uwanja wa mbio, moja baada ya nyingine, mpaka akasema, "Hapo!"

Mama akabonyeza saa. "Dakika moja na sekunde hamsini na mbili. Na chai imefurika."

"Ningeiona vipi, mama, nikiwa kona ya kumi na nne?"

"Siku moja utaniangukia humu humu jikoni, nikose la kuwaambia majirani."

Sindano alikuwa na miaka thelathini na nane, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake: kushindana kwa pikipiki. Si mchezo wa Jumamosi. Kazi ya mshahara, kama vile mwingine anavyofunga nyaya za umeme au kusahihisha madaftari. Alianza akiwa na miaka ishirini, akipeleka mitungi ya gesi nyumba kwa nyumba kwa pikipiki, mmoja nyuma, mmoja mbele. Siku aliyoingia uwanjani mara ya kwanza alivaa buti za kuazima zilizojazwa magazeti, na wanaume waliokuwa wakipasha moto injini wakaulizana kwa sauti, makusudi asikie, nani ameagiza gesi. Alimaliza wa tatu. Mwaka uliofuata akamaliza wa kwanza mara nne, na mtangazaji akaanza kumwita Sindano, kwa sababu palipokuwa na upenyo wowote kati ya pikipiki mbili alipita, hata kama upenyo wenyewe haukuonekana na mtu mwingine.

Mama hakulipenda jina hilo. "Sindano yangu ninayo mashineni," alisema. Lakini suti ya ngozi ikichanika gotini yeye ndiye aliyeitia kiraka, tena kwa uzi mara mbili.

Aliwahi kuolewa. Mume alivumilia miaka miwili, halafu jioni moja akampa masharti: achague, yeye au pikipiki. Sindano alimtazama kwa makini, kama anayefikiria kweli, akamuuliza, "Kwani wewe una silinda ngapi?" Mume hakucheka. Alifunga mizigo yake vizuri sana, hata shati moja hakusahau.

Miaka kumi na nane ikapita hivyo. Alivunjika kifundo cha mkono, akapona. Alivunjika mbavu mbili, akapona. Akaangushwa na mafuta yaliyomwagika njiani, akaangushwa na mvua, akaangushwa na watu. Kwa kukosea gia hakuanguka hata mara moja, na hapo inabidi kueleza kidogo.

Pikipiki ya barabarani, ukitaka gia ipande unainua pedali kwa vidole vya mguu. Ya mbio hugeuzwa. Unakanyaga chini ndipo gia inapanda, maana ukiwa umeilaza pikipiki kwenye kona, chini ya pedali hakuna nafasi ya kupitisha mguu. Mguu wa Sindano ulikuwa umekanyaga chini miaka kumi na nane uwanjani na kila asubuhi jikoni. Ungemwamsha usingizini, mguu ungekanyaga chini.

Timu aliyoipandia ilikuwa ya Bosi, mfanyabiashara wa mabati. Karakana yake ilikuwa nyuma ya ghala la mabati, na mvua ikinyesha watu walizungumza kwa ishara. Pikipiki zilikuwa mbili: namba ishirini na saba, ya Sindano, na nyingine ya mtoto wa Bosi, kijana wa miaka ishirini aliyeitwa Dogo na kila mtu, hata na mlinzi. Dogo hakuwa mbaya. Alikuwa mwepesi, ila alijifunzia barabarani, na gia za kugeuzwa zilimshinda, kwa hiyo yake iliachwa kama ya barabarani.

Aliyezishughulikia zote mbili ni Fundi, mtu mnene, mpole, mwenye mkasi mfukoni kifuani siku zote. Yeye ndiye aliyeweka sheria ya utepe. Zamani, kabla ya Bosi, mpandaji mmoja aliondoka na pikipiki ambayo breki zake zilikuwa zimefunguliwa, akaenda kuishia ukutani. Tangu siku hiyo Fundi alisema: chochote kikibadilishwa kwenye pikipiki, hata skrubu, utepe mwekundu unafungwa kwenye mkono wa gesi, ule mpini wa kulia wa usukani unaozungushwa kuongeza mwendo. Utepe ukiwepo, hupandi mpaka uulize na ujibiwe. Usipokuwepo, panda. Sindano hakuwa na haja ya kukagua kitu kingine. Alitazama mkono wa gesi, akavaa glavu.

Jumamosi ile ya mazoezi alitazama mkono wa gesi. Haukuwa na kitu. Fundi hakuwepo karibu, alikuwa ameitwa kwenye gari la Bosi. Gia ilikuwa ya pili kama kawaida, maana Fundi alikuwa ameshaiweka; Sindano akabana klachi, akawasha injini. Alitoka karakana ya uwanjani kwa gia hiyo ya pili mpaka mwisho wa kinjia cha kutokea, akaingia uwanjani, akaikaza injini mpaka ikalia, akainama kona ya kwanza, akakanyaga chini kutafuta ya tatu.

Alichokumbuka baadaye ni tairi la nyuma kusimama ghafla kama limeshikwa na mtu. Halafu mbingu. Halafu majani.

Mtulinga wa kulia, mfupa wa begani, ulivunjika vipande viwili.

Bosi alifika hospitali na matunda na uso wa huruma. Alikaa kitandani, upande wa miguu. "Pole sana, dada yangu. Ni umri tu huo. Umekosea gia, hutokea."

"Mimi? Gia?"

"Tumeikagua pikipiki. Haina tatizo lolote. Ulishusha gia badala ya kuipandisha."

Neno hilo lilimuuma kuliko mfupa. Nyumbani, siku tatu, hakuburuta benchi. Alikaa akiutazama mguu wake wa kushoto kama mtu anayemtazama rafiki aliyemsema vibaya. Alijua maana ya maneno yale yakiandikwa. Kuna watu walikuwa wameyasubiri tangu siku ya magazeti kwenye buti. Mwanamke, miaka thelathini na nane, amesahau gia: hakuna timu ingempa hata baiskeli.

Siku ya nne mama akaliburuta benchi mwenyewe.

"Kaa."

"Mama, bega hili."

"Sijaliita bega. Nimeuita mguu. Kaa, nenda."

Alikwenda, mkono ukiwa umefungwa kitambaa shingoni, bila mpini wa ufagio. Alipita kona zote kumi na nne huku jasho linamtiririka kwa maumivu. "Hapo."

Mama aliitazama saa, akaigeuza imtazame mwanawe. Dakika moja, sekunde hamsini na mbili.

"Aliyesahau gia ni mwingine," mama akasema, akarudi kwenye cherehani.

Mchana huo Fundi alikuja kumjulia hali. Alikaa ukingoni mwa kiti kana kwamba kimekodishwa, akasifu chai mara tatu. Jasho likamtoka, akachomoa leso mfukoni, na pamoja na leso kikaanguka kipande cha utepe mwekundu. Hakikuwa kimefunguliwa fundo. Kilikuwa kimekatwa kwa mkasi, safi.

Wote watatu wakakitazama pale sakafuni.

"Fundi," Sindano akasema taratibu. "Ulibadilisha nini?"

Yule mtu mnene akajifuta uso kwa muda mrefu kuliko jasho lenyewe. Halafu akasema yote. Ijumaa injini ya Dogo ilikuwa imefunguliwa, akataka kujaribu ishirini na saba, Fundi akamgeuzia gia ziwe za barabarani na akafunga utepe. Jumamosi asubuhi akaja mpiga picha wa kalenda ya mabati. Bosi akaona utepe, akasema, toa takataka hiyo, inaharibu picha. Fundi akaukata, akautia mfukoni ili aurudishe. Hata kabla picha hazijaisha Bosi akamtuma akasukume gari lake lililogoma kuwaka.

"Nilisukuma gari, dada. Wewe ukatoka."

"Na Bosi anajua?"

"Anajua kuliko mimi. Chama cha mbio kimeuliza. Kikisikia ni kosa la karakana, timu haishindani fainali, na fainali ndiyo siku ya Dogo. Ameandika barua, wewe utie sahihi." Akainama. "Nina watoto wanne, dada. Usiseme nimekwambia."

Mama, ambaye alikuwa hajaacha kushona, akakata uzi kwa meno. "Watoto wanne," akasema, "na mimi nina mmoja."

Jumatatu Sindano alikwenda karakana kwa miguu. Ishirini na saba ilikuwa imeshatengenezwa, inang'aa, na Dogo alikuwa ameikalia akijaribu urefu wa usukani. Alipomwona akaona haya, lakini hakushuka. Fundi alikuwa anafuta spana ambayo ilikuwa safi.

Bosi alimkaribisha kwa mikono miwili. "Shujaa wetu! Kaa, kaa. Mleteeni soda."

"Nimesimama vizuri, Bosi."

Barua ilikuwa mezani, mistari mitano tu. Sindano hakusoma sana shule, lakini mistari mitano aliiweza. Mpandaji alikosea gia kwa kutokuwa makini. Pikipiki haikuwa na hitilafu. Chini yake, jina lake lilikuwa limechapwa kwa herufi kubwa, na mstari mtupu unamngoja.

"Ni karatasi tu ya kuwanyamazisha," Bosi akasema. "Tia sahihi, upumzike, mwakani nafasi yako iko pale pale. Mshahara unaendelea hata ukiwa kitandani. Nani mwingine angekufanyia hivyo?"

"Na nisipotia?"

Bosi akatabasamu kama mtu anayemwonea mtoto huruma. "Dada yangu. Kwa umri huo, na mfupa huo, utakwenda wapi? Kupeleka gesi?"

"Nilikuwa napeleka kwa wakati."

Mlinzi mlangoni akacheka, halafu akajifanya amekohoa.

Sindano akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia haukuinuka. Bosi akavuta pumzi ya raha. Herufi zilitoka zimepinda kama za mtoto wa darasa la kwanza, na zilichukua muda. Hakuandika jina lake. Juu ya ule mstari mtupu aliandika: Gia ziligeuzwa. Utepe ulikatwa kwa ajili ya picha. Muulizeni Bosi.

Bosi akasoma. Rangi ikambadilika kuanzia shingoni. "Nani amekuambia upuuzi huu?"

Spana ya Fundi ikasimama. Sindano hakugeuka kumtazama.

"Mguu wangu," akasema.

"Mguu! Chama kitauamini mguu wako?"

"Usiuamini wewe. Mimi nimeishi nao." Akaiweka kalamu. "Mbavu zangu ulizilipia, asante. Suti nilishonewa na mama yangu. Ila kukosea gia sijawahi, Bosi, na sitakosea kwenye karatasi yako. Nimewapita watu kumi na nane kwa siku moja wakiniita mpeleka gesi. Sikuwapita ili nije nianguke hapa mezani."

"Ukitoka mlango huo huna timu. Sikia vizuri. Huna timu popote."

"Nimesikia. Sauti yako inashinda mabati."

Akaenda kwenye rafu ya Fundi, akachukua bunda la utepe mwekundu. Alilibana kati ya kwapa na ubavu, akavuta, akakata kwa meno kama mama yake anavyokata uzi. Akasogea kwenye ishirini na saba. Dogo alikuwa bado ameikalia. Kwa mkono mmoja na meno akaufunga utepe kwenye mkono wa gesi, mafundo mawili, na ilimchukua muda, na Dogo akamshikia ncha moja bila kuambiwa.

"Imebadilishwa nini, dada?" Dogo akauliza kwa sauti ndogo.

"Muulize baba yako. Ukishajibiwa, ndipo upande."

"Fundi!" Bosi akapaza sauti. "Kata takataka hiyo."

Fundi akatoa mkasi mfukoni kifuani. Akautazama, akautazama mkono wa gesi, akatembea hadi mezani kwa Bosi, akauweka juu ya ile barua, taratibu, ncha zikielekea kwake mwenyewe.

"Kata wewe, Bosi," akasema. "Mara ya kwanza nilikukatia mimi."

Dogo akashuka kwenye pikipiki. Hakuna aliyemwambia ashuke.

Sindano alikuwa ameshafika mlangoni. Kwenye msumari ilining'inia kofia yake yenye namba, akaitoa kwa mkono wa kushoto. Mlinzi akamfungulia geti lote, si kile kimlango kidogo cha wapita kwa miguu, akasimama wima kama gari linapita. Nyuma yake Bosi aliita jina lake, si Sindano, bali lile la kwenye karatasi, mara mbili, ya pili kwa upole.

Alipita ghala, akapita duka la matairi, akafika kwenye kona ya barabara kuu. Hapo, bila kupunguza mwendo, alilegeza bega lisilouma, akainama kidogo upande wa kushoto, akakata kona. Karakana hiyo hakuikanyaga tena.