Sabuni ya Mawese Aliyoniachia Mama

Harufu ya sabuni ya mawese hunirudisha ufukweni Bangwe, kwenye turubai tuliloishi baada ya kukimbia vita ng'ambo ya ziwa. Mama alirudi huko kumtafuta baba. Kabla ya kuondoka alikata mche wa sabuni kwa uzi, akanikandamizia kipande kiganjani. Kilikuwa bado laini, na alama za vidole vyake zikabaki juu yake.

"Oga kila siku," aliniambia. "Nikirudi nikukute safi."

Sikuoga. Kila asubuhi nilikwenda nacho ziwani, nikalowesha nywele na miguu, nikarudi nacho kikavu. Niliogopa povu lingefuta vile vidole. Upele ukanitoka mikononi, na watoto wenzangu wakanifukuza kwenye sinia la ugali.

"Kaa huko, mgebuka we! Hata samaki wenzako wanakukimbia!"

Nikawa nakula peke yangu, sabuni nimeibana kwapani.

Siku moja mama mdogo, aliyebaki kunilea, alinishika mkono, akaona upele, kisha akaiona sabuni.

"Yaani sabuni unayo, mwanangu, na unaoza hivi?"

Alinivuta hadi majini, akanisugua kichwani, mgongoni, hata katikati ya vidole. Alipomaliza alinirudishia kipande chembamba, kinachoteleza, kisicho na alama yoyote.

Nikaangua kilio.

"Povu limekuingia machoni, ee?" aliuliza, akaanza kunipuliza taratibu.

Nikaitikia kwa kichwa, akaendelea kupuliza.