Dira na Picha ya Ngazi

Mgawa barua mmoja alistaafu baada ya miaka thelathini na moja, miguu imechoka lakini kichwa kimejaa mitaa. Kazini walimwita Dira, na alipoanzisha kundi la mtandaoni la kutambua mahali palipopigwa picha, jina hilo akalibeba kama cheo.

Watu walileta picha za shule za utotoni na za harusi za wazazi wao, wakiuliza hapa ni wapi. Kundi lilipofika watu mia nne, Dira akaona pasipo sheria patageuka soko, akakaa mezani siku tatu kuandika kanuni. Anayeuliza aseme picha kaipata wapi na amekwisha kutafuta vipi. Anayejibu asibahatishe, atoe ushahidi. Na makazi ya mtu yasijadiliwe bila idhini ya mwenyewe, maana si kila anayetafuta nyumba ya mtu anaitafuta kwa heri. Kanuni zilikuwa nzuri kweli. Taabu ni kwamba mwandishi wake aliamini zinawahusu wengine.

Asubuhi moja mwanachama aliyejiita Mpitanjia akaweka picha ya ngazi tano za saruji, chuma cha kushikia kimeng'oka upande mmoja na kufungwa kwa kamba ya kuanikia nguo. Hapa ni wapi? Hakueleza picha kaitoa wapi. Dira alipaswa kumrudisha akasome kanuni, lakini mkono ulimwasha. Akaandika aya tatu: saruji ile imeliwa na chumvi ya bahari, kamba ya namna ile haiuzwi huku bara, na mwenye nyumba, akaongeza bila kuulizwa, ni mvivu wa kutupwa. Akataja mji wa mwambao, mwendo wa siku mbili kwa basi. Pongezi zikamiminika.

Mkewe, akipita na beseni la nguo, akamuuliza anachekea nini. Akamwonyesha simu. Mama wa watu akaitazama picha kwa kitambo.

"Hizi ni ngazi zetu za nyuma," akasema. "Kamba nimeifunga mimi."

Dira akabisha, akaeleza habari za chumvi. Mkewe akafungua tu mlango wa nyuma, mlango ambao mzee hakuwa ameupita tangu mvua za mwaka juzi. Ngazi zilikuwa tano.

Mpitanjia alikuwa binti yao kitindamimba, aliyekwisha kumwomba mara nne aite fundi, na mara nne akajibiwa kesho. Hakukana. Alisema alidhani baba akikiona kitu kwenye simu ndipo atakiona.

Dira akakumbuka kanuni ya makazi, akatangaza kwamba picha itafutwa, kwa kuwa idhini ya mwenye nyumba haikutolewa.

"Basi mimi ninaitoa," mkewe akasema, akaendelea kuanika.

Masahihisho yalimchukua muda mrefu kuliko kanuni zote. Aliandika kwamba mahali penyewe ni nyuma ya nyumba yake, na kwamba kuhusu tabia ya mwenye nyumba hakukosea. Mmoja akamuuliza bahari iko upande gani.

Jumamosi fundi wa kuchomea vyuma akaja. Dira alimshikia chuma, akaungua kidole. Kundini sasa wanambishia bila woga, naye amejifunza kuandika "sina hakika," ingawa huifuta mara mbili kabla ya kuituma.